Mzee wa Kokwet Husema Mwisho

Nilipokabidhiwa usimamizi wa kituo cha kukusanyia maziwa hapa Sugoi, nilianza kwa kelele. Kila asubuhi nilitoa amri kabla madumu hayajashushwa. Wafanyakazi waliitikia, kisha wakafanya walivyojua wao.

Baba, akimimina mursik, maziwa lala yetu, kutoka kwenye kibuyu, alinikumbusha kokwet: baraza la ujirani la Wanandi, lililoamua ugomvi na mambo ya kijiji tangu kabla ya makaburu kuwasili hapa mwaka 1908, na kabla Shamba Nambari 64 halijaitwa Eldoret mwaka 1912. Poiyot ab kokwet, mzee wa baraza, hakuwa mfalme. Alisikiliza watu, kisha akatamka waliloafikiana. "Cheo chake kilikuwa masikio," baba akasema.

Jumatatu iliyofuata niliketi kwenye kreti, nikanyamaza. Kijana mpokezi, mdogo kuliko sote, akaeleza kwa nini maziwa yalikuwa yakichacha: waliotoka mbali walipangwa nyuma ya foleni, madumu yao yakingoja juani. Tukaigeuza foleni. Tangu siku hiyo, mimi husema mwisho.