Wagonjwa 300 wa Kigali waliopima sifa za kidonge

Kati ya Februari na Septemba 2017, wagonjwa 300 wa homa ya ini aina C waliandikishwa katika kituo kimoja cha utafiti jijini Kigali. Kila mmoja alimeza kidonge kimoja kwa siku kwa wiki 12, chenye dawa mbili: ledipasvir na sofosbuvir. Kilikuwa kimeidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa bei ya zaidi ya dola 1,000 kidonge kimoja, na sifa zake zilishaenea: kinamponya karibu kila anayekitumia.

Sifa hizo zilitokana hasa na wagonjwa wa Marekani na Ulaya, ambao wengi wao wana virusi vya kundi la 1. Kigali mambo ni mengine. Kati ya wale 300, wanne tu walikuwa na kundi hilo. Waliobaki wote walikuwa na kundi la 4. Kwa hiyo utafiti huo, ulioitwa SHARED, ulibeba maswali ambayo mgonjwa yeyote angeuliza: dawa hii itanidhuru? Na mimi itaniponya?

Kuhusu madhara, majibu yalitia moyo. Wanane walipatwa na matatizo mazito ya kiafya, lakini hakuna lililotokana na dawa, wala hakuna aliyelazimika kuiacha kwa sababu hiyo. Kuhusu kupona, 261 walipona, yaani asilimia 87. Ila wagonjwa 48 walikuwa na tawi la virusi liitwalo 4r, na kati yao waliopona ni 27 tu.

Hebu tuitafakari hesabu hiyo. Tawi la 4r ni nadra mno huko dawa ilikojaribiwa kwanza, hivyo udhaifu huo usingeonekana huko. Lau dawa ingeagizwa na kugawiwa bila utafiti wa hapa, karibu nusu ya watu wa aina hiyo wangemaliza dozi wakiwa bado wagonjwa, na pengine wangelaumiwa kwamba hawakumeza vidonge ipasavyo. Tafiti zilizofuata nchini Rwanda zilijaribu dawa mpya zaidi kwa wagonjwa kama hao, na matokeo yakawa mazuri.

Kigali haikuanza kazi hii ya utafiti juzi. Mwaka 1986 Dkt. Susan Allen alianzisha Projet San Francisco, mradi uliofuatilia VVU kwa wanandoa na kuonyesha faida ya mume na mke kupima na kupewa ushauri pamoja. Mwaka 2005 chanjo ya majaribio ya VVU ilianza kujaribiwa hapa.

Kisha ukaja ugonjwa wa virusi vya Marburg. Mlipuko ulitangazwa tarehe 27 Septemba 2024, na tarehe 6 Oktoba chanjo ya majaribio ya taasisi ya Sabin ilianza kutolewa, wahudumu wa afya wakitangulizwa kwa kuwa ndio walioambukizwa zaidi. Watu 66 waliugua, 15 wakafariki, na mwisho wa mlipuko ukatangazwa tarehe 20 Desemba.

Mtaani Remera, hapa Kigali, jirani na Uwanja wa Amahoro, ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Rwanda wanakofundishwa fani za tiba. Walimu wa hapo, tunawaomba: mnapofundisha usalama wa dawa, anzeni na wale wagonjwa 48 wa tawi la 4r. Na wewe msomaji, ukiombwa kushiriki utafiti, uliza faida na hatari zake, uliza kama unaweza kujitoa wakati wowote, na usitie saini kabla hujajibiwa kwa lugha unayoielewa.