Kutoka Marx hadi boda

Kiswahili humgeuza mwandishi kuwa sifa kwa silabi moja: ki-. Wahakiki huandika nadharia ya Kimarx na tamthilia ya Ki-Aristotle, na wasomaji huelewa.

Huko Busia na Malaba, neno "boda" lilipita njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1960, waendesha baiskeli walivusha abiria kati ya vituo vya mpakani vya Kenya na Uganda wakinadi "boda-boda", yaani mpaka hadi mpaka. Mwito ukawa jina la baiskeli, kisha la pikipiki, la dereva na la kazi yenyewe. Hakuna kamati iliyolipitisha!

Mwandishi Shaaban Robert naye anastahili bahati hiyo ya jina lake kuwa neno la watu. Insha pole yenye nasaha ingeitwa ya Kishaaban, na mwanafunzi wa Busia angeelewa mara moja.