Namba ndogo iitwayo ce_count

Kwenye seva ya Linux yenye RAM za ECC, yaani zenye kusahihisha makosa, chini ya saraka ya /sys/devices/system/edac/mc, kuna faili lenye namba moja tu ndani yake. Mara nyingi namba hiyo ni sifuri. Ikipanda, ujue kuna biti iliyogeuka kwenye RAM, na saketi ya ECC ikairekebisha kabla programu haijaipokea. Faili hilo halina umri mkubwa. Kusahihisha kosa kulijulikana mapema; kumwambia mwenye seva kwamba kosa limetokea ndiko kulikochelewa.

Richard Hamming, mwanahisabati wa Bell Labs, alikuwa akiruhusiwa kutumia kompyuta ya rilei mwishoni mwa wiki tu. Mashine ile iliweza kugundua kosa. Siku za kazi waliokuwa zamu walilishughulikia, lakini wikendi hapakuwa na mtu, basi mashine iliitupa kazi yenye kosa na kurukia inayofuata. Jumatatu Hamming akija, kazi yake haijafanyika. Akakereka: kama mashine inajua pana kosa, inashindwaje kujua liko wapi ikalirekebisha yenyewe? Jibu lake lilichapishwa mwaka 1950, na ECC ya seva ilitokana nalo. Kwa kawaida kila biti 64 za data husindikizwa na biti 8 za ulinzi. Biti moja ikigeuka inarekebishwa, mbili zikigeuka zinagunduliwa tu.

Si wote walioona haja. Mbunifu wa kompyuta Seymour Cray aliitengeneza kompyuta ya CDC 6600 bila hata pariti, yaani biti ya ziada ya kugundua kosa, kwa kuipenda kasi. Lakini kompyuta yake ya Cray-1, ile ya kwanza, ilipofanyiwa majaribio ya miezi 6 huko Los Alamos mwaka 1976, pariti ilinasa makosa 152 ya kumbukumbu, na zilizofuata zikawekewa urekebishaji. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa Intel walionyesha kwamba chembe za alfa kutoka kwenye gamba la chipu lenyewe zinaweza kugeuza biti. Mwaka uliofuata James Ziegler na William Lanford wakaitaja miale ya anga za juu.

Seva za bei nafuu zilipoenea, ECC ilikuja nazo, ila ilifanya kazi yake kimyakimya. Kidhibiti cha kumbukumbu kiliandika kosa kwenye rejista zake, na kila mtengenezaji alikuwa na mpangilio wake wa rejista hizo. Bila programu ya kuzisoma, RAM mbovu ilifichwa na dawa yake yenyewe, mpaka siku biti mbili zinapogeuka pamoja na seva kuzima.

Mradi wa Bluesmoke ndio uliolivalia njuga jambo hili upande wa Linux. Ulikaa nje ya kiini cha mfumo hadi Machi 2006, ulipoingizwa kwenye toleo la 2.6.16 kwa jina la EDAC. Utaratibu wake hauna mbwembwe: kwa kawaida kila baada ya sekunde moja kiini huzikagua rejista, kisha huongeza hesabu kwenye ce_count kwa makosa yaliyorekebishwa, au ue_count kwa yaliyoshindikana. Andi Kleen alikuwa na njia nyingine, mcelog, iliyopokea kumbukumbu za hitilafu kutoka kwenye prosesa kupitia /dev/mcelog na kuzifasiri. Mimi naipenda zaidi namba tupu ndani ya faili, maana hata anayejua amri ya cat peke yake ataisoma.

Tatizo likabaki kwa fundi mwenye bisibisi. EDAC ilimwambia safu na chaneli. Yeye mbele yake ana nafasi za RAM zilizochapwa majina kama A1 au B2 kwenye ubao. Kiini hakina namna ya kuyaona maandishi hayo, kwa hiyo kukawa na faili la lebo ambalo msimamizi hulijaza mwenyewe. Mwaka 2012 Mauro Carvalho Chehab aliifumua EDAC ili ihesabu kwa kila RAM badala ya safu, na programu ya rasdaemon ikaja kuyahifadhi matukio ya makosa.

Hesabu hiyo ina uzito gani? Bianca Schroeder na wenzake wawili wa Google walichapisha mwaka 2009 utafiti wa seva za kampuni hiyo: zaidi ya asilimia 8 ya RAM zilipata kosa ndani ya mwaka, na iliyokosea mara moja ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea tena mwezi uleule.

Kompyuta nyingi za nyumbani hazina ECC ya namna hii, kwa hiyo saraka ile haina cha kuonyesha. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, aliwahi kuilaumu Intel hadharani kwa hilo. DDR5, iliyotangazwa mwaka 2020, imeleta urekebishaji ndani ya chipu yenyewe. Lakini biti ikirekebishwa humo ndani, kidhibiti hakiarifiwi papo hapo, na ce_count haipandi.