Kazi ya Bibi Nyumbani Nayo Ni Mali

Twajua kwamba Kanisa halivunji ndoa halali ya Wakristu. Hata hivyo wako watu wanaotengana mbele ya tribinali za serikali, na siku ile huzuka neno gumu: mali ya nyumba ni ya nani? Bwana asema, "Nyumba nilijenga mimi kwa mshahara wangu." Bibi naye ataonyesha nini? Miaka yote alipika, akateka maji, akalea watoto, akauguza wagonjwa; lakini kazi hizo hazina karatasi ya mshahara.

Tuvuke Ziwa Tanganyika, tuone jinsi jirani zetu walivyolikata neno hilo. Mwaka 1971 Tanzania ilitunga Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 114 kiliwapa mahakimu uwezo wa kugawanya mali iliyopatikana kwa juhudi za bwana na bibi pamoja. Yawapasa kutazama fedha, mali au kazi iliyotolewa na kila mmoja, desturi ya watu wao, madeni, na mahitaji ya watoto wadogo. Kisha waelekee kugawa sawasawa. Lakini juhudi za pamoja ni zipi? Hapo majaji hawakupatana. Wengine walisema kazi ya nyumbani ni wajibu wa bibi tu, haimpi fungu. Wengine walisema ni mchango wa kweli.

Mwaka 1983 shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu lilifika Mahakama ya Rufani, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani. Mahakama ikaamua kwamba kutunza jamaa ni sehemu ya kuchuma mali, basi kazi ya nyumbani ihesabiwe katika juhudi za pamoja. Na ndivyo ilivyo: bwana aendaye kazini ameshiba, watoto wake wakiwa salama, amebeba pia jasho la bibi yake.

Lakini Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu. Mahakama iliona kwamba bwana alimpa fedha za mradi wa jamaa, naye akazitapanya; basi hakupewa fungu. Alishinda neno, akakosa mali. Nasi twauliza: bwana amwagaye mshahara wake katika pombe, naye apimwe kwa kipimo kile kile? Haki yataka hivyo.

Kwetu Kongo, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 yawaachia wachumba kuchagua utaratibu wa mali yao. Wasipochagua, mali wanayoichuma katika ndoa ni ya wote wawili. Ila sheria ile ile ilimtaka bibi apate ruhusa ya bwana kwa matendo ya kisheria, mpaka ilipobadilishwa mwaka 2016.

Basi, sisi tunaofundisha wachumba tuwaeleze mambo haya mapema, wangali wanapendana. Siku ya ugomvi, masikio huwa yamezibwa.