Walima bila nyama si jambo jipya, dada zangu



Mimi ni mshonaji. Duka langu lipo Misunkumilo, hapa Mpanda mjini, mkoa wa Katavi. Nashona magauni ya harusi, madera ya sare na mapazia. Ukikaa na futi shingoni miaka mingi unasikia mengi. Bi harusi anasimama mbele ya kioo, mama yake amekaa pembeni anapiga hesabu, na mara nyingi hesabu hiyo haianzi na gauni. Inaanza na ng'ombe.

Hesabu hiyo naijua. Nilipoolewa mimi, nyumbani walichukua ng'ombe wawili kwa mkopo ili walima isitutie aibu. Watu walikula, wakanawa, wakaenda zao. Deni likabaki. Miezi mitano baadaye niliuza cherehani yangu ya kwanza, ile niliyoinunua baada ya kozi ya ushonaji, nikamsaidia baba kulimaliza. Karibu mwaka mzima nilishona kwa cherehani ya kuazima. Simlaumu baba. Sote tulikuwa tunaogopa midomo ya watu.

Basi mdogo wangu wa mwisho alipoposwa, akasema anataka walima isiyo na nyama. Alikuwa ameona kwenye simu watu wanaokutana jioni, wanafundishana kupika vyakula vya mimea, kisha wanakula pamoja. Mama mkubwa akasema, "Hayo mambo ya Wazungu. Walima bila nyama ni msiba." Mimi sikujibu. Nilianza kuuliza na kusoma, na niliyoyapata ndiyo ninayowaletea leo.

Walima ya Bibi Safiyya

Nilianza pale ambapo Muislamu anapaswa kuanzia. Mwaka wa 7 Hijria, sawa na 628 Miladia, Mtume (s.a.w.) alikuwa akirudi Madina kutoka Khaybar. Njiani alimuoa Bibi Safiyya bint Huyayy. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, na Imam Bukhari ameipokea, kwamba walima ile haikuwa na mkate wala nyama. Lilitandikwa busati la ngozi, watu wakaambiwa kila mwenye kitu akilete. Huyu akaleta tende, yule samli, mwingine maziwa yaliyokaushwa. Vikachanganywa, watu wakala. Hiyo ndiyo ilikuwa walima ya Mtume wa Allah.

Tusiseme zaidi ya yaliyopo. Samli na maziwa hutoka kwa mnyama, kwa hiyo walima ile haikuwa ya mimea tupu. Na Mtume (s.a.w.) alipomuoa Bibi Zaynab bint Jahsh aliwalisha watu mkate na nyama mpaka wakashiba. Abdurrahman bin Awf naye alipooa aliambiwa afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Nyama katika walima ni jambo jema kwa mwenye uwezo. Nilichojifunza ni kwamba mtu alifanya walima kwa kilichokuwepo, na waalikwa walichangia sinia bila mtu kuona haya.

Ipo hadithi nyingine ya Anas ambayo naipenda kwa sababu yangu mwenyewe. Fundi cherehani mmoja (siku hizo bila cherehani, sindano tu) alimwalika Mtume (s.a.w.) chakula. Aliandaa mkate wa shayiri na mchuzi wenye mung'unye na nyama iliyokaushwa. Anas akamwona Mtume akiufuata ule mung'unye huku na huku ndani ya sahani. Toka siku hiyo Anas akaupenda mung'unye. Nyama ilikuwepo, lakini kilichofuatwa ni mboga. Na mwenyeji alikuwa mshonaji kama mimi.

Sinia la pwani na sinia la bara

Nyinyi wa visiwani mna historia ndefu ya chakula hiki. Wachimbaji wa mambo ya kale waliochimba Unguja Ukuu wamekuta mabaki ya mchele na choroko vya zaidi ya miaka elfu moja. Kabla ya hapo, na sambamba na hapo, palikuwa na mtama, uwele na kunde za Afrika yetu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba chakula kikubwa cha watu wake ni ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kutoka nje ya kisiwa. Mahindi, muhogo, maharage na karanga vilitoka bara la Amerika, vikatufikia baada ya Wareno kuingia pwani hii mwaka 1498. Leo tunaviita vyakula vya asili, na ni haki yetu kwa jinsi bibi zetu walivyovipika.

Vyakula hivi havikubaki pwani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba dini, Kiswahili na mbegu. Stanley alipofika Tabora mwaka 1871 aliorodhesha vinavyopatikana huko kwa urahisi: mchele, mtama, mahindi, muhogo, viazi vitamu, ufuta, na choroko, neno ambalo aliliandika vilevile kwa Kiswahili. Waarabu waliokaa pale walikuwa wamepanda michungwa, milimau, mipapai na miembe kuzunguka nyumba zao. Kwa hiyo sinia la Waislamu wa bara lilijaa vya shambani tangu zamani hizo, nyama ikiwa ya siku zake.

Huku kwetu Katavi minazi ni shida. Nazi huja kwa basi na bei yake si ya kucheza nayo. Kwa hiyo karanga ndizo nazi yetu. Tunazikaanga, tunazitwanga, tunaweka kwenye kisamvu, kwenye mchicha, kwenye maboga. Mafuta ya mawese yanatoka upande wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1972 ndugu wengi walikimbia vita Burundi, wakapewa makazi Katumba, si mbali na Mpanda, na wengi wao baadaye walipata uraia wa Tanzania. Wao kisamvu wanakiita isombe. Mama mmoja mzee wa Katumba, mteja wangu, ndiye aliyenifundisha kukipika kwa mawese na maharage mpaka mtu haulizi nyama.

Jiko la Makindu

Jambo la kula pamoja bila nyama lina mfano hapa Afrika Mashariki, na mama mkubwa hakuwa anaujua. Kati ya Mombasa na Nairobi kuna mji unaitwa Makindu. Mwaka 1926 Masingasinga waliokuwa wafanyakazi wa reli walijenga hekalu lao pale. Mpaka leo msafiri yeyote akiingia anapewa chakula bure: chapati, dengu, mboga, chai ya maziwa. Hakuna anayeulizwa dini wala kabila. Nyama haipikwi, ili watu wa kila imani wakae chini pamoja. Sisi hatufuati ibada yao. Lakini Muislamu mwenye njaa akipita pale hana haja ya kuuliza nani kachinja. Hilo ni jiko linalokaribia miaka 100, na liko kwenye ardhi yetu ya Afrika.

Wajapani, na tahadhari kwa mabibi harusi

Nikarudi kwenye yale aliyoyaona mdogo wangu kwenye simu. Neno la Kiingereza la vegani, yaani mtu asiyetumia chochote kitokacho kwa mnyama, hata asali na maziwa, lilitungwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake. Mama mkubwa alikuwa sahihi hapo: neno ni la Wazungu.

Makrobiotiki ni jambo jingine, na asili yake ni Japani. Daktari wa jeshi aliyeitwa Sagen Ishizuka alifundisha watu kurudi kwenye nafaka isiyokobolewa na mboga za msimu wao. Wakati huo Wajapani wengi walikuwa wakiugua beriberi kwa kula mchele mweupe sana. Daktari Takaki wa jeshi lao la majini alibadilisha chakula cha mabaharia miaka ya 1880, akawaongezea shayiri, na ugonjwa ukapungua sana. Sisi tunaijua habari hii kwa jina lingine: dona na sembe. Bibi zetu walitwanga mpunga kwenye kinu, wakabakiza sehemu ya ganda la ndani lenye lishe. Mashine ikaja, tukaona cheupe ndiyo heshima.

Baada ya Ishizuka alikuja George Ohsawa, ambaye alizunguka dunia akifundisha. Wanafunzi wake, Michio Kushi na mkewe Aveline, walifungua duka la vyakula hivyo Boston, Marekani, mwaka 1966. Hapo ndipo madarasa ya mapishi na chakula cha pamoja cha jioni vilipopata nguvu huko kwao.

Lakini Ohsawa alipitiliza. Kiwango chake cha juu kabisa kilikuwa kula nafaka peke yake. Mwaka 1965 msichana wa miaka 24 kule New York aliyefuata masharti hayo kwa miezi alifariki kwa kukosa lishe. Mwaka 1971 chama cha madaktari wa Marekani kikatoa onyo kali juu ya mlo huo.

Hapa nawasimamisha, mabibi harusi. Kila msimu huja kwangu msichana anayekula wali mkavu au matango tu siku kumi ili gauni limkae. Mmoja alianguka hapa dukani nikiwa nampima kiuno, tukampa uji wa ulezi, akakaa sakafuni analia. Mwanangu, gauni nitalitanua mimi, hiyo ndiyo kazi yangu. Mwili wako ni amana. Na anayetaka kuacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa ajue kwamba vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi kinachotosha, hivyo amuone mtaalamu wa afya, hasa akiwa na mimba au ananyonyesha. Tena asijiharamishie alichohalalisha Allah. Kupunguza ni jambo moja, kuharamisha ni jingine.

Siku yenyewe

Tulikubaliana hivi: wanawake wa mtaa tulikutana jioni tatu kabla ya harusi, uani kwangu. Kila mtu alileta kibaba chake, wa mchele, wa maharage, wa karanga. Jioni ya kwanza mama wa Katumba alifundisha isombe. Ya pili, jirani aliyelelewa Tanga alifundisha maharage ya nazi, tukaweka karanga badala ya nazi. Ya tatu tulijaribu mchele wa kutwanga, ukatushinda mara mbili kwa sababu unataka maji mengi na subira. Wasichana walioshika simu muda wote walishika mwiko. Mama mkubwa alikuja jioni ya tatu, akakaa kimya, kisha akasema maboga hayana chumvi. Akaamka kuyaweka chumvi mwenyewe.

Siku ya walima masinia yalitoka na wali, maharage, kisamvu, mchicha wa karanga, maboga, kachumbari na tende. Baba mdogo wa bwana harusi aliuliza kwa sauti, "Nyama iko wapi?" Uwanja ukanyamaza. Shehe akaeleza kisa cha Bibi Safiyya kama nilivyowaeleza, kwa upole, bila kumtazama mtu. Wengine walicheka kwa furaha, wengine walinong'ona. Mzee yule alikula kidogo, akaondoka mapema, na mpaka leo nikikutana naye sokoni salamu yake ni fupi. Siwezi kuwaficha hilo. Ukifanya hivi, wapo watakaonuna.

Ila wiki ile ile mdogo wangu aliingia kwenye nyumba yake akiwa hadaiwi hata shilingi. Pesa ambayo ingenunua ng'ombe ilinunua friji, na sasa anauza juisi ya ukwaju na barafu. Baba alilala usingizi. Najua alilala kwa sababu ya harusi yangu alikuwa halali.

Zile jioni hatukuziacha. Mara moja kwa mwezi tunakutana uani, kila mtu na kibaba chake, tunapika vya shambani na kula sinia moja. Mabinti wanaoposwa huja kujifunza, na mama zao huja kupunguza ile hesabu ya ng'ombe.

Mwenye uwezo achinje, Allah ambariki. Asiye nao asikope. Tende, samli na busati la ngozi vilitosha kwa walima ya mbora wa viumbe.

Allah awape waume wema, nyumba zenye utulivu na riziki isiyo na deni. Amin.