Sala ya Waamini: Historia ya Jina na Tatizo la Tafsiri

Katika Misa ya Kanisa Katoliki, baada ya mahubiri, na siku ya Jumapili baada ya Kanuni ya Imani, husomwa maombi mafupi ambayo watu wote huyaitikia. Kilatini kina majina matatu ya sehemu hiyo: oratio communis, oratio universalis na oratio fidelium, yaani sala ya pamoja, sala ya kuombea watu wote, na sala ya waamini. Katika Kiswahili lililoenea ni hilo la tatu, nalo, kwa maoni yetu, ndilo lenye utata zaidi.

Asili ya sala yenyewe ni ya kale. Yustino, aliyeandika kwa Kigiriki huko Roma mnamo mwaka 155, aeleza jinsi ndugu walivyojiombea, wakamwombea aliyetoka kubatizwa, na kuwaombea watu wengine wote popote walipo. Katika karne zilizofuata wakatekumeni, yaani wanafunzi wa dini ambao hawajabatizwa, waliagwa kabla ya sala hiyo kuanza. Basi neno fidelium liliwataja wenye haki ya kuomba, wala si wenye kuombewa.

Kufikia mwisho wa karne ya 6 sala hiyo ilikuwa imetoweka katika Misa ya kawaida ya Roma. Ilisalia Ijumaa Kuu tu, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoirudisha katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, kifungu cha 53.

Ugumu wetu u katika kiunganishi -a. Misa ya wafu haiadhimishwi na wafu. Ni ya kuwaombea. Sala ya mtoto, kinyume chake, yaweza kuwa ile aisemayo mtoto mwenyewe. Asikiaye "Sala ya Waamini" pasipo kuelezwa historia hii hana budi kubahatisha, na aghalabu hudhani kwamba waamini wanajiombea. Ndipo yanapozaliwa maombi ambayo kila sentensi yake ni utujalie, utubariki, utulinde. Ilhali mwongozo wa Misale waagiza utaratibu mwingine: kwanza mahitaji ya Kanisa, kisha watawala na wokovu wa dunia nzima, kisha wenye shida, na jumuiya ya mahali mwishoni.

Jambo hili lamgusa hasa mwandishi wa parokia, kwa kuwa Misale hutoa mifano tu katika nyongeza. Maneno mengine hutungwa papo hapo mahali, nayo yatakiwa yawe machache na yenye kiasi. Lugha imekwisha kumpa chombo. Kiambishi -e- cha kutendea hugeuza omba kuwa ombea, na humlazimisha msemaji amtaje anayeombewa. Nomino maombezi ingefaa kuwa jina la sehemu nzima, lakini imekwisha kuzoeleka kwa watakatifu wanaotuombea. Kuihamisha kungezua utata mpya. Tungependelea jina liachwe lilivyo, na kitenzi kuombea ndicho kitumike katika maombi yenyewe.

Neno moja laweza kuleta madhara makubwa. Katika sala ya Ijumaa Kuu Wayahudi waliitwa kwa Kilatini perfidi. Wataalamu walishikilia kwamba maana yake ni wasioamini, lakini katika lugha kadhaa za Ulaya lilisomeka kama wasaliti. Mwaka 1948 idara ya Vatikano iliyosimamia ibada ilitamka kwamba tafsiri zenye maana ya kutoamini hazikatazwi. Neno lenyewe halikuguswa hadi Papa Yohane wa XXIII alipoliondoa mwaka 1959. Sala nzima iliandikwa upya katika Misale ya mwaka 1970.

Kuhusu kila ombi moja moja, wengine husema ombi na wengine nia. La pili twaona lifae kutaja jambo linaloombewa, na la kwanza maneno yanayotamkwa. Ombi, hata hivyo, ndilo pia jina la karatasi ya kuomba kazi ofisini, na msikilizaji hutambua tofauti kwa mazingira.