Nani Mgeni Kisiwani? Lugha ya Ziara na Historia ya Watu wa Rubondo

Mgeni afikaye Rubondo kwa boti, akivuka kutoka Kasenda au Nkome, hukiona kisiwa kwa mbali kama ukuta wa kijani uliosimama majini. Kisiwa hiki kipo kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania. Kina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 240, na sehemu yake kubwa ni msitu. Akiongozwa na mhifadhi, mgeni huonyeshwa nzohe katika matete, fisi maji, furukombe, viboko na mamba. Akibahatika, huonyeshwa sokwe pia. Kwa kuwa hakuna simba wala chui, matembezi ya miguu ndiyo kiini cha ziara, na sauti ya mwongozaji huwa ndiyo kitabu cha mgeni.

Makala haya yanahusu kitabu hicho cha sauti zaidi ya wanyama wanaotajwa ndani yake. Hoja yangu ni kwamba masimulizi ya kawaida ya utalii kuhusu Rubondo, yale ya vipeperushi na vitabu vya wasafiri, yamempa sokwe historia na kumnyang'anya binadamu ya kwake, na kwamba jambo hilo limefanyika kwa kiasi kikubwa kupitia uteuzi wa maneno na miundo ya sarufi.

Tuanze na tarehe. Chini ya utawala wa Wajerumani kisiwa kilitengwa kuwa msitu wa hifadhi, lakini watu waliendelea kuishi humo. Mwaka 1965 kilifanywa pori la akiba, na mwaka 1977 kikawa Hifadhi ya Taifa. Kati ya 1966 na 1969 waliachiliwa humo sokwe 17, kwa juhudi za Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambaye filamu yake kuhusu Serengeti ilikuwa imetunukiwa Oscar mwaka 1960. Sokwe hao walikusanywa kutoka bustani za wanyama na maonyesho ya Ulaya, wakasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha wakapelekwa ziwani. Waliletwa pia faru weusi 16, twiga, mbega na, baadaye, tembo 6. Faru wote waliishia mikononi mwa majangili. Sokwe walizaana, na vizazi vyao ndivyo vinavyotafutwa leo na wageni msituni. Kwa wanasayansi jambo hili ni la ajabu kwelikweli: wanyama waliokaa vizimbani, baadhi yao kwa miaka mingi, walijifunza upya kujenga viota na kutafuta chakula bila mwalimu.

Katikati ya miaka hiyohiyo ya 1960, wakazi wa kisiwa, wengi wao wavuvi wa Kizinza, waliondolewa na serikali na kupelekwa visiwa vya jirani na bara. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 400 hivi. Baada ya hapo habari zao hukoma. Sokwe tunazijua namba zao, mwaka wa kufika na chombo walichosafiria. Wavuvi tunayo namba moja ya jumla na kitenzi kimoja.

Kitenzi hicho ndicho kilichonivuta kuandika. Katika masimulizi ya kawaida, sokwe «waliletwa na Grzimek», lakini wakazi «walihamishwa». Sentensi zote mbili ziko katika kauli ya kutendwa. Ya kwanza inamtaja mtenda kwa jina. Ya pili inaishia kwenye kitenzi, kana kwamba kuhama huko kulikuwa kama kupwa kwa maji. Sarufi ya Kiswahili inaruhusu kabisa mtenda aachwe, na mara nyingi tunamwacha kwa sababu njema. Hapa, hata hivyo, mtenda anajulikana: ni dola changa iliyokuwa na haja ya fedha za kigeni, iliyokwisha kuahidi mbele ya ulimwengu, katika Tamko la Arusha la Septemba 1961, kuwalinda wanyamapori wake. (Tamko hilo lisichanganywe na Azimio la Arusha la 1967, kosa ambalo nimelikuta hata katika tasnifu.) Kumtaja mtenda si lazima kuwe kumlaumu, mwanahistoria anamhitaji ili aweze kuuliza kwa nini.

Kitenzi cha pili chenye tatizo ni «kurudishwa» au «kurejeshwa». Husemwa sokwe walirejeshwa porini. Porini, ndiyo, nyumbani, hapana. Wengi wao walikamatwa wakiwa wadogo katika misitu ya Afrika Magharibi, nao sokwe wa asili wa Tanzania wako mbali na hapo, Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Mnyama aliyewasili Rubondo mwaka 1966 alikuwa mgeni kwa kila hali. Baada ya nusu karne lugha imemgeuza mwenyeji, huku mjukuu wa mvuvi aliyezikwa kisiwani, akikamatwa na wavu katika maji ya hifadhi, akiitwa mvamizi. Hata jina sokwemtu lina «mtu» ndani yake, na nakiri kwamba kila nilisomapo katika habari za Rubondo husita kidogo.

Suala la samaki linaonyesha mgongano huu waziwazi. Miongoni mwa burudani zinazotolewa kwa watalii ni kuvua sangara kwa ndoano. Sangara naye ni mgeni, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950. Haki inadai tuongeze kwamba maji ya hifadhi ni mazalia ya samaki, na kwamba mvuvi wa vijiji vya jirani hufaidika na samaki wanaokulia humo. Sera ya uhifadhi ina hoja yake, wala sioni kwamba kisiwa kingebaki na msitu huu kama kingeachwa wazi. Ninachopinga ni kuitetea sera kwa kufuta watu iliowagharimu.

Sisi tunaotoka upande wa Uganda hatuna jiwe la kurusha. Visiwa vya Ssese vilihamwa kwa amri ya serikali ya kikoloni mnamo 1909, katika janga la malale lililokwisha kuua zaidi ya watu 200,000 kando ya ziwa, na kurudi kukaruhusiwa tu katika miaka ya 1920. Mtalii anayestarehe leo Bugala akisifu upweke wa msitu anasifu, bila kujua, kazi ya mbung'o na ya gavana. Tofauti ni kwamba Wassese walirudi, na kwa hiyo yupo wa kumsahihisha mtalii. Rubondo hayupo.

Ndiyo maana pendekezo langu kwa washauri wa sera ni dogo na la haraka. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, mijadala yetu ya utalii imejaa wito wa kutafsiri miongozo ya watalii kwa Kiswahili. Tukitafsiri miongozo iliyopo, tutatafsiri pia ukimya wake. Neno lenyewe «hifadhi» linatutaka zaidi ya hapo: mwenye kuhifadhi Kurani huiweka moyoni neno kwa neno, haishii kuizungushia uzio. Yapo majina ya ghuba, miamba na mikondo ya maji ambayo ramani za hifadhi zimeyabakiza, kama Kageye na Mlaga, bila maelezo ya nani aliyaita hivyo na kwa nini. Jina Rubondo lenyewe lina sura ya ngeli ya 11 ya lugha za Kibantu za maziwa makuu, ngeli ambayo Kiswahili sanifu kimeipunguza hadi u-. Hayo ni maandishi ya wakazi, yamesalia pale pale msituni.

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 15 kisiwa kilipotangazwa pori la akiba alizaliwa mwaka 1950. Mahojiano yaanzie Uzinza, kwa Kizinza, kwa wazee wa rika hilo. Kiswahili cha mwongozaji kiandikwe baada ya hapo.